Risasi ya Kisumu: Urithi wa Utawala wa Kikoloni katika Riwaya ya Coming to Birth

Ni rahisi kuisoma riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), kama istiari ya kuzaliwa kwa taifa. Paulina anawasili Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, akiwa kigoli. Anapevuka sambamba na nchi yake. Usomaji huo una ukweli, lakini hauelezi kifo cha mwanawe, Okeyo, anayeuawa kwa risasi mjini Kisumu mwaka 1969.

Tukio hilo lina msingi wa kihistoria. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kuifungua hospitali mpya. Fujo zikazuka, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Sheria ya usalama wa umma iliyoruhusu vizuizi vya namna hiyo ilitungwa mwaka 1960, Mwingereza angali anatawala. Bunge la nchi huru liliiongezea makali mwaka 1966.

Kwa hiyo kifo cha Okeyo kinaivunja istiari. Kilichozaliwa mwaka 1963 hakikuwa kipya chote: bendera ilibadilika, lakini vyombo vya amri vilirithiwa. Hata msamiati unashuhudia. Katika mwambao, baraza ni mahali pa mazungumzo. Katika utawala wa kikoloni likawa mahali pa kupokea maagizo ya chifu, na chifu mwenyewe aliteuliwa na serikali, hakuchaguliwa na watu. Katiba ya 2010 imewapa wakazi wa Kisumu gavana na bunge la kaunti, lakini sheria ya mwaka 2013 imembakiza chifu katika safu ya serikali kuu.

Huenda ikadaiwa kuwa Macgoye anaonyesha jeraha bila kukifichua chombo kilichojeruhi. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, mama aliyefiwa huiona maiti kabla ya kuiona sheria, na mwandishi amekuwa mwaminifu kwa jicho hilo. Kuitafuta sheria nyuma ya maiti ni wajibu wa mhakiki. Tukiifundisha riwaya hii kama hadithi ya kuzaliwa tu, tutakuwa tumemzika Okeyo mara ya pili.