Mathias Mnyampala, Mwanahistoria wa Ugogo: Kukisoma Upya Kitabu cha 1954

Marehemu Mathias E. Mnyampala (1917–1969) anajulikana kwa wengi kama malenga. Anaheshimiwa kwa diwani yake, kwa Utenzi wa Enjili Takatifu (1963) na Utenzi wa Zaburi (1965), na hasa kwa ngonjera, alizozikuza ili zitumike kufundishia siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kazi yake ya utafiti wa historia hutajwa kwa kifupi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1954, kina fundisho kwa kila mchungaji anayehudumu katika nyanda za kati, na kwamba fundisho hilo limo hata katika kasoro yake.

Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, wakati Ugogo ulipokuwa unaingia katika njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920 watu 30,000 walifariki katika wakazi 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Katika nchi ambayo historia yake ilihifadhiwa vichwani mwa wazee, vifo vya namna hiyo ni sawa na kuteketea kwa maktaba. Kwa hiyo mtu wa kizazi hicho aliyeketi kuandika asili za koo za Ugogo alikuwa anaokoa kitu ambacho nusura kipotee.

Aliifanya kazi hiyo akiwa mtumishi katika utawala wa kikoloni na Mkristo wa Kanisa Katoliki. Hali hizo mbili zingeweza kumfanya ayatazame mambo ya kwao kwa dharau, au kwa haya. Hakufanya hivyo. Aliyaandika kama mambo yanayostahili kujulikana, tena kwa Kiswahili, ili Mnyamwezi na Mchagga nao wapate kuyasoma. Ilipofika mwaka 1995, tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na Gregory Maddox ilikifikisha kitabu hiki kwa wataalamu wa nchi za mbali. Ni ajabu, basi, kwamba sisi tunaoishi hapa tunakitumia kidogo kuliko wao.

Hata hivyo, heshima haituzuii kuhakiki. Kitabu kina mambo mawili, na jina lake lenyewe linayataja: kwanza historia, kisha mila na desturi. Katika historia tunakutana na watu wanaohama. Koo zinakuja kutoka Uhehe na nchi nyingine za jirani, zinachanganyika, zinatafuta malisho na maji. Wagogo wanaonekana kuwa taifa lililofanyika humu humu nyikani kutokana na wageni wengi. Lakini tukifika kwenye mila, mwendo unasimama. Tunaambiwa Wagogo hufanya hivi na hivi, kana kwamba watu hao wa asili nyingi walikuwa na desturi moja tangu mwanzo. Kasoro hiyo haikuwa ya Mnyampala peke yake. Utawala wa wakati ule ulitaka kila kabila liwe na mipaka yake, watemi wake na sheria zake za jadi, na vitabu vya mila viliandikwa kwa kufuata mtindo huo.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Msomaji wa kanisani huvutwa upesi na sehemu ya mila. Huchota humo orodha, akazigawa desturi katika mafungu mawili, zinazopatana na Injili na zisizopatana nayo, kisha akahubiri. Lakini desturi iliyotengwa na historia yake haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Tuchukue mfano wa mahari. Ng'ombe waliochukuliwa na majeshi walikuwa ndio ng'ombe wa mahari. Je, zizi likiwa tupu, wazee wa pande mbili walipatanaje? Mchungaji asiyeuliza swali hilo huweza kukemea, kwa jina la Kristo, jambo ambalo shida ililizaa jana, au kulitetea kwa jina la mababu jambo ambalo mababu hawakulijua. Sehemu ya kwanza ya kitabu cha Mnyampala inatupa kipimo cha kuisomea sehemu ya pili.

Maandiko yanatuonyesha njia hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli anayeleta malimbuko haanzi kwa kutaja desturi za taifa lake. Anasimulia kwanza habari za baba aliyekuwa mtangatanga, za kushuka Misri, za utumwa na za kuokolewa. Ibada inasimama juu ya historia inayokiri ugeni. Naye Luther, katika waraka wake wa mwaka 1530 kuhusu kufasiri, aliwaelekeza wafasiri wamsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Alijua kwamba Neno haliwafikii watu ambao mhubiri hajawasikiliza.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wasikichukulie kitabu hiki kama kamusi ya desturi. Wakisome pamoja na wazee wa sharika zao, kina mama wakiwemo, wakiuliza kwa kila desturi: ilianza lini, ilibadilika kwa sababu gani, na ilimgharimu nani? Majibu yaandikwe na kutunzwa. Mnyampala aliyafanya ya kwake kwa nafasi aliyokuwa nayo baada ya kazi za ofisi. Mchungaji anayeitwa penye kila kilio na kila harusi ana nafasi kubwa zaidi, na akikaa kimya ataulizwa habari zake.