Virunga ya Nairobi na Kamanyola ya Dar es Salaam

Mtu akihama huchukua nini? Nguo zake, sufuria moja, labda picha ya mama yake. Mpiga muziki huchukua gitaa. Lakini kuna mzigo mwingine ambao watu wa forodha hawaupimi, nao ni wimbo. Leo twataka kuupima wimbo huo, maana watu wa Kongo wamehama wengi, na katika miji ya wengine wamejulikana kwa muziki wao mbele ya kujulikana kwa jambo lingine.

Tuanze na majina. Kaskazini ya ziwa letu iko milima ya Virunga, yenye kutoa moto. Kusini ya Bukavu, ukishuka bonde la Ruzizi, utafika Kamanyola, karibu na pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana. Majina hayo mawili yalisafiri mbali. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita Uganda akafika Nairobi mwaka 1977, na baadaye bendi yake ikaitwa Orchestra Virunga. Orchestra Maquis nao walitoka upande wa Katanga wakakaa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na mtindo wao wa kucheza ukaitwa Kamanyola bila jasho.

Mtu wa Kivu akisikia hayo hufurahi, nasi twafurahi. Lakini tusifurahi upesi mno. Matadi iko upande wa Bahari ya Atlantiki, mbali kabisa na Virunga. Na jina la Kamanyola lilienea Kongo nzima kwa sababu ya vita ya mwaka 1964, ambayo Mobutu aliisifu sana alipotawala. Basi majina hayo hayakuwa kumbukumbu ya kijiji cha mtu. Yalikuwa kibao mlangoni. Kibao humwambia mpita njia: humu ndani mna muziki wa Kongo. Ni kazi nzuri, lakini hakisemi mwenye nyumba ni nani, wala ana neno gani la kutuambia.

Sasa tumtazame mtu mwingine. Ramazani Mtoro Ongala, aliyeitwa Remmy, alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu. Wakati ule Maniema ilikuwa pamoja nasi katika jimbo moja, na makao makuu yake yalikuwa mji wetu huu. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Makassy ilipohamia Nairobi, yeye alibaki akaingia Matimila, iliyoitwa baadaye Super Matimila. Na Matimila ni nini? Ni jina la kijiji cha kusini ya Tanzania! Ajabu kweli. Mtu wa Matadi alibeba jina la milima yetu, na mtoto wa Kivu akabeba jina la kijiji cha wenyeji wake.

Wako watakaosema: huyo alipotea, alitupa asili yake. Sisi twakataa, na sababu zetu ni mbili.

Ya kwanza ni gitaa. Sikiliza kwa makini muziki wa Super Matimila. Gitaa moja hushika mwendo pasipo kuchoka, nyingine hujibu, nyingine hupanda juu na kuimba kama mtu. Ni mwendo wa Kongo, na mchezaji yeyote wa Kadutu angeutambua. Ongala hakuuacha. Bali aliupunguzia haraka, ili maneno yapate nafasi.

Ya pili ni lugha. Bendi nyingi za Kongo ziliimba Kilingala hata pale ambapo wasikilizaji hawakukijua; walicheza tu. Ongala aliimba Kiswahili, tena Kiswahili chepesi cha mtu asemaye na jirani. Je, alikiazima kwa Watanzania? Hapana. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, katika siku za Tippu Tip, kikakaa Nyangwe na Kasongo, kikawa lugha ya nyumbani. Kilikuja kwa njia ya pembe na ya minyororo, na mwaka 1978 kilirudi pwani kwa njia ya gitaa. Basi mgeni huyu hakuvaa nguo ya watu.

Na kwa lugha hiyo alisema nini? Tazama majina ya nyimbo zake tu: Siku ya Kufa, Kifo, Mnyonge Hana Haki, Sauti ya Mnyonge. Hapa ndipo twaona ukubwa wake. Katika mji mkubwa mhamiaji huulizwa kila siku: wewe kabila gani, wewe wa wapi? Ongala alijibu kwa njia nyingine: mimi ni mnyonge, nami nitakufa. Jibu hilo halina mpaka. Mpagazi wa Kariakoo, awe Mmakonde au Mzaramo, alijisikia humo. Mgeni aliyesema habari za msiba na umaskini hakuwa mgeni tena.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro ni msifu tu. Mwaka 1988 Ongala alikwenda Ulaya katika maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 sahani yake Songs for the Poor Man ikatoka Uingereza. Hiyo twaipenda, maana bado yasema na mtu wa mtaani. Lakini katika Mambo, ya mwaka 1992, aliimba nyimbo kadhaa kwa Kiingereza, na hapo twaona maneno yamekonda. Katika One World anataka kusema na dunia nzima mara moja, na asemaye na wote mara nyingi hamfikii mmoja. Gitaa ni zilezile, ila jirani ameondoka.

Katika miaka yake ya mwisho Ongala aligeukia nyimbo za dini. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Na pale Sinza kituo cha basi kikaitwa kwa Remmy. Twaomba wasomaji wafikiri juu ya jambo hili. Jina la Virunga na la Kamanyola lilibebwa na wageni wakalitundika wenyewe. Jina la Remmy lilitundikwa na wenyeji. La kwanza ni kibao, la pili ni zawadi.

Neno hili latuhusu sisi pia. Bukavu ni mji wa wahamiaji. Katika Kadutu, Ibanda na Bagira wanakaa Washi, Warega, Wahavu, Wafuliru na wengine, na katika kwaya zetu hubishana: tuimbe kwa lugha ya nani? Wengine wasema wimbo wa Kiswahili hauna kwao. Yafaa wajiulize kwanza kama wimbo wao, kwa lugha yoyote, una neno la kumwambia aliyeketi benchi la nyuma, ambaye jana alizika mtoto. Ukiwa nalo, huyo ataushika, na hatauliza ulitoka kijiji gani.