Kazi ya Sekunde Tano

Mwaka 1953 BBC ilimpa Abram Games kazi ya kubuni alama ya televisheni yake, ile ya kuonyeshwa kipindi kimoja kinapokwisha na kingine hakijaanza. Games alikuwa fundi wa mabango, aliyejipatia jina kwa mabango ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Angeweza kuchora alama kwenye karatasi, ikabandikwa mbele ya kamera, yakaisha. Yeye akaunda mtambo wa shaba. Katikati aliweka kitufe kidogo cha dunia kinachozunguka, na pande mbili matao yaliyotanda, hata watu wakayaita mbawa za popo. Mtambo ukapigwa filamu, na muda si mrefu ukaharibika. Hasara haikuwa kubwa, kwani filamu ilikuwa imeshapatikana, na televisheni ya BBC ikawa na alama yake ya kwanza iliyocheza.

Waliokuja baada yake walifanya kazi ngumu zaidi. Tangu 1969 BBC1 ilikuwa na dunia iliyozunguka mbele ya kioo kilichobonyea, na wengi walioitazama kila siku hawakujua kwamba hawatazami picha iliyorekodiwa. Kilikuwa kitu cha kushikika: mfano wa dunia unaozungushwa na mota, kioo nyuma yake, na mbele yake kamera isiyoona rangi. Rangi zilitiwa baadaye kwa njia ya umeme. Mtangazaji akisema kipindi gani kinafuata, ujue kuna kitu kinazunguka saa ileile ndani ya chumba fulani, na kikikwama, dunia ya Uingereza nzima imekwama. Kompyuta iliipokea kazi hiyo mwaka 1985.

Nazitaja habari hizi kwa sababu nembo inayocheza ni sanaa inayodharauliwa hata na watu wanaopenda filamu. Tunamjua mwongozaji, tunamjua mwigizaji, siku hizi hata mpiga picha anatajwa. Aliyetengeneza zile sekunde tano za mwanzo hana anayemuuliza. Na mimi naona kazi yake ina sharti ambalo mwongozaji hana. Mwongozaji anakuomba saa mbili, mara moja, na ukitoka umeridhika deni lake limekwisha. Mtengeneza nembo anakuomba sekunde tano, lakini anakuomba mara kumi kwa usiku mmoja, na kesho tena, na mwakani tena. Mzaha unaochekesha mara ya kwanza, mara ya mia unakera. Mbwembwe zinazoshangaza Jumatatu, Ijumaa ni kelele. Kwa hiyo lazima atengeneze kitu kinachostahimili kurudiwa, na sijui wasanii wengi wanaopimwa kwa kipimo kikali namna hiyo.

Aliyekielewa kipimo hicho kuliko wengi ni mbunifu Martin Lambie-Nairn. Channel 4 ilipofunguliwa Novemba 1982, Uingereza ilikuwa na vituo vitatu tu vya televisheni, na hicho cha nne kiliundwa kwa utaratibu mpya: hakikuwa kinatengeneza vipindi vyake chenyewe, kilivinunua na kuviagiza kwa watayarishaji wengi wa nje. Lambie-Nairn na wenzake wakachukua tarakimu ya nne wakaigawa vipande tisa vyenye rangi mbalimbali. Vipande vinaruka kutoka huku na kule, vinageuka hewani, vinakutana, inakuwa nne. Mitambo ya kompyuta iliyoweza kufanya kazi hiyo haikuwapo Uingereza wakati huo, ikabidi ifanyiwe Los Angeles. Watu walisifu teknolojia, kama kawaida. Mimi ninachosifu ni kwamba mwendo wenyewe ulikuwa umebeba habari ya kituo: vitu vya watu wengi, vya rangi nyingi, vinakusanyika mahali pamoja. Ukiisimamisha picha ile, maana yake karibu yote inapotea. Hapo ndipo mwendo unapokuwa na kazi. Nembo nyingi tunazoziona zinacheza kwa sababu tu zimeweza kucheza.

Kisha ikaja kazi ya BBC2. Hadi mwanzoni mwa 1991 kituo hicho kilijitambulisha kwa neno TWO juu ya weupe, jambo la adabu lisilo na ladha. Uchunguzi ulionyesha watazamaji wanakiona kituo ni cha kuchosha na chenye kujiona. Lambie-Nairn akairudisha tarakimu ya 2, akaikata iwe kitu kizito kinachosimama, kisha akaanza kuifanyia mambo. Akaimwagia rangi ya kijani. Akaidondosha ikiwa na makali kama kisu. Akaifunika kwa hariri inayopeperushwa na upepo. Baadaye ikawa kigari cha kuchezea kinachokimbia sakafuni. Tarakimu ni ileile na kijani ni kilekile, lakini kila mara hujui safari hii itafanywa nini.

Hebu iangalie ile ya rangi kwa karibu. Rangi inarushwa, inaipiga tarakimu, sehemu inaruka nyuma, sehemu inang'ang'ania ukingoni na kuanza kuteremka. Ile michirizi haikupangwa na mtu. Rangi ni rangi, inakwenda inakotaka, na kwa sababu hiyo macho yako hayaimalizi hata ukiiona mara mia mbili: kila mara unakuta tone ambalo hukuliona jana. Lambie-Nairn angeweza kuchora mmwagiko kwenye kompyuta, ukawa safi, ukawa sawasawa, na ungechosha baada ya wiki. Vipindi vya BBC2 havikubadilika kwa ajili ya hizo tarakimu, ila watu walianza kukisema kituo kuwa ni kichangamfu na chenye akili. Tarakimu hizo zilitumika hadi 2001, zikastaafishwa, na mwaka 2014 kituo kilipotimiza miaka hamsini zikarudishwa hewani, nyingine kama zilivyokuwa. Ni tangazo gani jingine la mwaka 1991 ambalo mtu angethubutu kulirudisha baada ya muda wote huo?

Upande wa sinema, mlango ulifunguliwa na Saul Bass. Mwaka 1955 alitengeneza mwanzo wa filamu ya Otto Preminger, *The Man with the Golden Arm*, inayomhusu mtu aliyenaswa na dawa za kulevya. Mistari myeupe inaingia kwenye weusi, inapangana, inatoka, na mwishowe inageuka mkono uliopinda. Zamani hizo majina ya mwanzo yalikuwa wakati wa watu kutafuta viti, na majumba mengine ya sinema yaliyaonyesha pazia likiwa bado limefungwa. Filamu hii ilipelekwa ikiwa na karatasi ya kuwaambia wenye mashine wafungue pazia kabla majina hayajaanza. Miaka mitatu baadaye, kwa ajili ya *Vertigo* ya Hitchcock, Bass alimtumia John Whitney, ambaye alikuwa amegeuza mtambo wa kijeshi wa kulengea mizinga ya kutungulia ndege ukawa mashine ya kuchorea mizunguko. Chombo kilichotengenezwa kupiga hesabu za kuua kikawa kinachora kizunguzungu. Whitney ndiye aliyeanzisha, mwaka 1960, kampuni iliyobeba jina ambalo fani hii inaitwa hadi leo duniani: Motion Graphics.

Lakini siri ya fani haiko kwenye mashine. Nilikaa jioni moja nyuma ya kijana mhariri wa video, katika studio ya chumba kimoja Sinza, jijini Dar es Salaam, akitengeneza utambulisho wa kipindi cha mapishi. Herufi moja ilikuwa inaanguka kutoka juu na kutua juu ya mstari. Aliweka alama mwanzoni, akaweka nyingine fremu ya ishirini na tano, yaani sekunde moja kamili kwa televisheni yetu, akabonyeza. Herufi ikashuka kwa mwendo mmoja mpaka chini ikasimama.

"Unaona, mzee? Imekufa," akaniambia.

Akafungua mchoro wa kasi, akauvuta mstari upinde: ianze taratibu, ichapuke, ifike kwa nguvu. Akaongeza fremu mbili ambazo herufi inapitiliza mstari kidogo kisha inarudi. Akabonyeza tena, na sasa ile herufi ilikuwa na kilo zake. Hakubadilisha rangi wala umbo. Alibadilisha muda tu.

Hayo ndiyo John Lasseter aliyafundisha kwa taa ya mezani. Katika *Luxo Jr.*, filamu fupi ya Pixar ya mwaka 1986, taa ndogo inaruka juu ya mpira, na hatuna shaka kwamba ni mtoto. Wachoraji wa katuni walikuwa na kanuni ya zamani: kiumbe hai akitua hubonyea, akiruka hurefuka. Taa ya chuma haibonyei. Lasseter akaikunja kwenye viungo vyake kabla ya kuruka na kuinyoosha yote ikiwa hewani, na kanuni ikatimia bila chuma kulainika. Taa hiyo ndiyo inayoruka hadi leo kwenye nembo ya Pixar ikiikandamiza herufi I mpaka izame, na sehemu ya utamu wake ni pale inapotugeukia sisi baada ya kosa hilo.

Sauti nayo. Channel 4 ilipewa noti nne na mtunzi wa muziki David Dundas. Simba wa studio ya filamu ya MGM ananguruma tangu 1928. Netflix ina midundo miwili tu, kwa kuwa anayetazama kwa intaneti ana haraka, na huduma hiyohiyo imempa kitufe cha kuruka utangulizi. Nembo nzuri hufanya kazi hata kwa aliyeko jikoni, ameipa sebule mgongo. Ni kama mgeni anayepiga hodi: hajataja jina, na mwenye nyumba keshamjua, keshaenda kufungua.

Sisi wa Tanzania Bara tulianza kuona vituo vyetu vya televisheni mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu ya After Effects, ambayo ndiyo jembe la fani hii hadi leo, ilikuwa imetoka Marekani mwaka mmoja tu kabla, 1993. Maana yake ni kwamba tuliruka enzi ya mtambo wa shaba na dunia ya mota. Fundi wetu hakuwahi kulazimika kuuliza kitu kitatuaje kikianguka. Alipewa kompyuta, na baadaye akapewa tempuleti zilizokwisha pikwa. Matokeo tunayaona: dunia inazunguka, radi inapiga, jina la kampuni linatoka ndani ya moto, na ukibadilisha jina, nembo hiyohiyo inafaa kwa filamu ya mapenzi, taarifa ya habari na harusi ya Mbagala. Siwalaumu mafundi. Wanaambiwa leo saa kumi, kazi inatakiwa hewani kesho.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye vituo na watayarishaji wa filamu. Mkienda kwa fundi, acheni kumwonyesha nembo ya mwingine na kusema mnataka kama ile. Mwambieni kituo chenu ni cha nani na kinaonyesha nini, mumwulize mwendo gani unaweza kusema hivyo. Mpeni wiki mbili badala ya usiku mmoja. Kabla ya kuikubali, itazameni mara hamsini mfululizo, na mkiichoka, mrudishieni. Mkiipenda bado, mlipeni siku hiyohiyo, na jina lake liandikwe mwishoni pamoja na majina ya wengine.