Niwasilishe Nini, kwa Nani?

Shangazi yangu anakaanga samaki Kendwa, nyuma ya mahoteli, pale njia ya mchanga inapoelekea Nungwi. Hakusoma sana, lakini menyu ya fedha kwenye simu yake ya vitufe ameihifadhi kama Alhamdu. Anabonyeza nyota, moja, tano, sifuri bila kutazama kioo, mkono mwengine ukigeuza samaki. Mimi ndiye msanifu wa sura za programu katika ukoo wetu, na kwa miaka mingi niliidharau menyu ile. Haina rangi, haina picha, ni orodha ya namba tu. Leo naihakiki kama ninavyohakiki kitabu, na hukumu yangu imebadilika.

Menyu hiyo ina nasaba. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Kabla ya hapo, kuanzia 2005, ilijaribiwa Nairobi na Thika kwa wakopaji wa taasisi ya Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa na wazo la watu kurejesha mikopo kwa simu. Wakopaji wakaonyesha jambo jengine: walikuwa wakitumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiwatazama wakakubali kusahihishwa. Huduma ilipofunguliwa kwa umma, mikopo ilikuwa imewekwa kando na kutuma fedha kumetangulia.

Hapo ndipo ulipo usanifu wenyewe. Kupanga kipi kiwe namba moja ni uamuzi mzito kuliko kuchagua rangi. Na maneno yake ni ya dukani: tuma pesa, toa pesa. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Sisemi menyu hiyo haina ila. Ukisita kidogo inakatika, uanze upya. Asiyejua kusoma humkabidhi mtoto au wakala simu pamoja na namba ya siri, na siri inaishia hapo. Kwa miaka kadhaa kule Kenya jina la mpokeaji lilionekana fedha zikishakwenda. Lakini ila hizo unaweza kuzitaja kwa sababu kila kitu kiko wazi mbele yako.

Sasa nihakiki kazi yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika timu ya watu saba iliyotengeneza programu ya malipo kwa kampuni moja. Tulifanya kazi Mjini, katika chumba chenye kiyoyozi. Tulikuwa na mjuzi wa rangi, waandishi wa msimbo, na msimamizi aliyependa vikao. Hatukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuuza samaki. Kitufe cha mwisho tulikiita "Wasilisha". Jina la mpokeaji tuliliweka kwenye risiti, baada ya malipo, ili ukurasa ubaki safi. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na nilisifiwa kwa huo.

Shangazi aliijaribu kwa kunipenda. Alitaka kumlipa mvuvi shilingi 85,000 za jodari. Akakosea tarakimu moja, akabonyeza, fedha zikaenda kwa mtu asiyemjua. Tulipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

"Baba," aliniambia, "niwasilishe nini, kwa nani? Mie nilidhani kinaniuliza kwanza."

Alikuwa sahihi. Kuwasilisha ni neno la Baraza la Wawakilishi. Waziri huwasilisha bajeti. Kando yake tulikuwa na "Ghairi", neno ambalo Kendwa nzima inalijua, kwa kuwa kila mtu ana jamaa aliyeahidi kisha akaghairi. Neno moja tulilichukua kwa watu, jengine tulilitoa kwenye karatasi za ofisi, na sote saba hatukuisikia tofauti.

Kutoka kwa Shangazi hadi Nungwi si mbali. Pale ufukweni mafundi huunda majahazi bila mchoro wa karatasi. Yupo fundi mkuu, wapo wanafunzi wenye tezo na keke, yupo kalafati anayeziba nyufa kwa pamba. Nahodha huja, hukaa kivulini, huuliza, hubisha. Chombo kikivuja, nyumba ya fundi inajulikana. Majahazi yao nayo huzama, najua. Ila aliyeunda na anayesafiri huswali msikiti mmoja. Timu yetu ilikuwa na vipaji. Ilichokosa ni mtu wa kuionea haya.

Nilimlipa Shangazi fedha zake. Kisha nikamwomba aje Mjini akae nasi ofisini, kwa malipo ya siku. Akaniuliza samaki atawakaanga nani. Basi tukaenda sisi, watu wanne kati ya saba, tukakaa kwenye mkeka wake siku mbili tukitazama watu wakilipana. Tuliporudi tuliliweka jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, na "Wasilisha" ikawa "Tuma". Mjuzi wa rangi alilalamika kwamba ukurasa umejaa. Umejaa kweli.

Shangazi nilimwonyesha toleo jipya. Akalitazama vizuri, akasema limependeza, akafuta mikono kwenye kanga, akamlipa mvuvi kwa simu yake ya vitufe.