Kitabu cha Uwongo na Barua za Kweli

Tunataka kupima mbele yenu maandiko mawili ya mtu mmoja. La kwanza ni kitabu kilichotoka mwaka 2007. La pili ni barua chache za mwaka 2010. Mwandishi ni Floyd Landis, mshindani wa baisikeli. Watu wengi walipoyahukumu maandiko hayo, walitazama moyo wa mwandishi kuliko maneno yake. Ndiyo maana wengi walikosea mara mbili: waliamini kitabu, wakakataa barua.

Mtu mwenyewe

Landis ni Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1975. Alilelewa Farmersville, katika Pennsylvania, na wazazi Wamennonite, Wakristu wanaoshika maisha ya kiasi na ya kazi. Kijana alipenda baisikeli, akaendelea hata kuwa mshindani wa kulipwa. Toka mwaka 2002 hata 2004 alikuwa katika timu iliyolipwa na Posta ya Marekani. Mkubwa kati ya washindani wa timu ile alikuwa Lance Armstrong. Posta ni shirika la serikali, nayo kwa miaka ya 2000 hata 2004 ilitoa zaidi ya dola milioni 30 kwa timu hiyo.

Mwaka 2006, akiwa katika timu nyingine, Landis alishinda Tour de France, mashindano ya majuma matatu katika barabara na milima ya Ufaransa. Siku ya hatua ya 16 alilegea mlimani, akapoteza dakika nyingi. Kesho yake aliwaacha wenzake wote, akapanda milima peke yake, akafika Morzine akiwatangulia karibu dakika sita. Watu walistaajabu. Lakini mkojo wake wa siku ile ulipopimwa ulionekana una testosteroni ambayo haikutoka mwilini mwake, yaani dawa ya kuongeza nguvu. Mwezi wa tisa mwaka 2007 waamuzi wawili kati ya watatu walisema ana hatia. Alinyang'anywa ushindi, akapewa Óscar Pereiro wa Hispania. Mwaka 2008 Mahakama ya Michezo ya Lausanne ilithibitisha hukumu hiyo.

Kitabu

Kabla ya hukumu kutoka, Landis alitoa kitabu chake, jina lake Positively False. Hatukatai kwamba kimetungwa kwa ustadi. Msomaji aonyeshwa wazazi wenye imani, kijana mwenye bidii, mshindani anayepanda milima huku nyonga yake ikiumwa, na maabara inayolaumiwa kwa uzembe. Nia inayoonekana ni safi kabisa: mtu asiye na kosa anatetea jina lake. Wakati huohuo ulifunguliwa mfuko wa kuwalipa wanasheria wake, nao watu zaidi ya 1,700 wakachanga fedha zao.

Basi, kosa la kitabu ni nini? Si kwamba kila neno lake ni uwongo. Nyonga ilikuwa mbaya kweli, hata ikabidi apasuliwe na kuwekewa nyingine ya bandia mwaka 2006. Wazazi ni watu wa kweli. Hata maabara ile ilikuwa na makosa, na waamuzi wenyewe waliikaripia. Lakini mambo hayo ya kweli yamepangwa ili kufunika jambo moja ambalo si kweli: kwamba mwandishi hakutumia dawa kamwe. Kitabu chamwambia msomaji: nitazame mimi, kisha uniamini. Wema wa wazazi, lakini, hausemi lolote juu ya mkojo wa mtoto wao.

Barua

Mwaka 2010 Landis aliwaandikia wakubwa wa mchezo, na mwezi wa tano magazeti yakatangaza habari hiyo. Barua hizo hazina uzuri wowote. Hazisimulii utoto, wala hazimwombi mtu huruma. Ni miaka, mahali, majina, na namna mambo yalivyofanyika. Aliandika kwamba mwaka 2003, huko Girona, Hispania, alitakiwa kukaa katika nyumba yenye friji iliyofichwa mifuko ya damu, na kuangalia kila siku kama baridi yake ni sawa. Aliandika pia kwamba mwaka 2004 basi la timu lilisimama saa nzima katika njia ya mlimani, dereva akisingizia kuharibika kwa injini, kumbe ndani washindani walikuwa wakirudishiwa damu yao wenyewe ili wapate nguvu.

Maneno ya namna hii yana hatari kwa mwenye kuyaandika. Mtu akisema kwa jumla kwamba wote ni wabaya, hakuna wa kumwuliza zaidi. Akitaja mwaka, mji, nyumba na friji, kila mtu aweza kwenda kuuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Shirika la Marekani linalopinga dawa katika michezo, USADA, lilipeleleza, na mwezi wa kumi mwaka 2012 likatoa ushahidi wa kurasa zaidi ya 1,000. Mashahidi walikuwa 26, na 11 kati yao walikuwa wenzi wa Armstrong wa zamani katika timu. Armstrong alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa Tour de France, toka 1999 hata 2005. Mwezi wa kwanza mwaka 2013 alikiri mwenyewe katika televisheni.

Wanaopinga

Twajua wako wanaosema: Huyu alisema kwa uchungu tu. Ni kweli alikuwa na uchungu. Adhabu yake ilikwisha, lakini timu kubwa hazikumtaka tena, na mashindano ya California ya mwaka 2010 hayakuialika timu ndogo aliyokuwa nayo. Methali yasema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini uchungu waweza kumfanya mtu aseme, wala hauwezi kuitia damu katika friji. Kama damu ilikuwako, ilikuwako kabla mtu huyu hajakasirika.

Wengine wasema: Alitafuta fedha. Hilo nalo lina msingi. Mwaka huohuo wa 2010 alifungua mashitaka kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1863, iliyotungwa katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakati wafanyabiashara walipoliuzia jeshi vitu vibovu. Sheria hiyo yampa sehemu ya fedha yule anayefichua wizi uliofanywa kwa serikali. Serikali ilijiunga na mashitaka mwaka 2013. Mwaka 2018 Armstrong alikubali kulipa dola milioni 5, na Landis akapata milioni 1.1. Waliotunga sheria ile hawakuwa wajinga. Walijua kwamba anayeona wizi kwa macho yake mara nyingi ni yule aliyekuwa ndani pamoja na wezi, naye hatoki bure. Waliahidi fedha, lakini hawakuiacha fedha iwe ushahidi. Ushahidi wenyewe hutolewa mbele ya mahakama.

Tena wasema: Aliyedanganya miaka minne, tumwamini kwa nini? Hapa twakubali nusu. Mtu aliyekwisha kudanganya hastahili kuaminiwa kwa neno lake peke yake. Hata baada ya kukiri dawa nyingine na kuongezewa damu, Landis aliendelea kukana kwamba alitumia testosteroni katika Tour ya 2006. Basi tusiyapokee maneno yake kama fungu moja la kuni. Tuchukue moja moja: lile lililothibitishwa na wengine tulishike, lile lililobaki lake peke yake tuliache mahali pake.

Shahidi safi alikuwako

Jambo moja wanaopinga hulisahau. Wanasema: Kama angalikuja mtu safi, tungalimsikiliza. Mtu huyo alikuja. Mwaka 1999 Mfaransa Christophe Bassons, mshindani asiyetumia dawa, alikuwa akiandika katika gazeti Le Parisien wakati wa Tour, akasema mwendo wa mashindano yale hauaminiki. Hakutafuta fedha, wala hakuwa na kisasi. Alipata nini? Wenzake hawakusema naye tena. Armstrong alimkaribia njiani, wote wawili wakiwa juu ya baisikeli, akamwambia aende zake. Bassons alichoka rohoni, akatoka katika Tour kabla haijamalizika. Mwaka 2004 mwanamke wa Ireland, Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wa timu ya Posta, alieleza katika kitabu aliyoyaona. Naye alitukanwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo twaona kwamba kuulizia nia ya shahidi mara nyingine ni njia ya kukimbia ushahidi. Aliye safi huambiwa ana wivu au hana nguvu. Aliye mchafu huambiwa ni mchafu. Mwishoni hakuna anayesikilizwa.

Nia ihukumiweje?

Je, nia si kitu? Hatusemi hivyo. Nia ni jambo kubwa, lakini ni la hesabu nyingine. Habari huulizwa: je, ni kweli? Mtu huulizwa: je, amegeuka? Swali hili la pili halijibiwi na machozi wala na maneno makali, bali na kurudisha. Aliyechukua mali ya watu kwa uwongo hana budi kuirudisha. Wakristu tunalijua hilo toka mafundisho ya kwanza.

Na hapa ndipo tunapomlaumu Landis kuliko mahali pengine. Katika habari hii walioumizwa naye waziwazi si Armstrong, bali wale watu zaidi ya 1,700 waliosoma, wakamhurumia, wakatoa fedha kutetea uwongo. Mwaka 2012 alipatana na serikali, mbele ya mahakama ya San Diego, kwamba atawarudishia dola 478,354, na kwa mapatano hayo akaepushwa na hukumu ya jinai. Alikubali deni, na hilo ni jema. Lakini alilikubali sheria ilipokwisha kumshika. Mwenye kugeuka kabisa angaliwatafuta kabla ya kutafutwa. Basi sifa yake tuipime hivyo: alitoa ukweli mkubwa, kwa moyo uliochanganyika, naye alichelewa kwa watu aliowadanganya.

Wasomaji, mambo haya hayako Marekani na Ufaransa tu. Katika kila chama, duka au ofisi, siku moja atatokea mtu aliyekula pamoja na wezi, akagombana nao, akaja kusema. Msimkumbatie kama shujaa, wala msimfukuze kwa kuwa ana harufu ya wizi. Mwulizeni siku, mahali na majina, kisha nendeni mkaangalie. Mkikuta ni kweli, tengenezeni lililoharibika. Baadaye mgeukieni yeye mwenyewe, mkamwulize atarudisha nini, na kwa nani.