Mlima wa Vikaratasi

Kutunga kamusi ni kazi isiyo na mbwembwe, na huenda ndiyo maana tunawasifu washairi na kuwasahau watunzi wa kamusi. Mwaka 1879 James Murray alikubali kuhariri kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ya Oxford, kwa matarajio kwamba ingechukua miaka 10. Kufikia 1884 sehemu ya kwanza ilitoka, ikaishia kwenye neno ant, yaani mdudu chungu.

Wasomaji wa kujitolea walimtumia nukuu kwa posta, kila moja kwenye kikaratasi chake: neno pembeni juu, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi yenyewe. Murray alizipanga katika mashubaka ndani ya kibanda cha mabati, kajifunika koti zito, miguu kaitia kwenye boksi kuikinga na baridi. Watoto wake walipewa visenti kwa kupanga vikaratasi kialfabeti.

Ustadi wenyewe ulianzia mezani. Chukua kivumishi cumulative, yaani -enye kujilimbikiza. Mtunzi hajiamulii tu maana yake. Anavisoma vikaratasi kimoja kimoja na kuvitenga mafungu. Hiki ni cha wanasheria: ushahidi unaozidi uzito kadiri shahidi mmoja anavyomfuata mwenzake. Hiki cha daktari: dawa inayobaki mwilini, dozi juu ya dozi, mpaka inakuwa sumu. Hiki cha wenye hisa: gawio lisilolipwa mwaka huu huhamia mwakani, na kampuni hubaki inadaiwa yote. Fungu likishatosha ndipo anapothubutu kuandika maelezo ya mstari mmoja. Kikizuka kikaratasi kikaidi, kisichokubali kukaa popote, mstari unafutwa na kazi inaanza upya. Uadilifu huo ndio ninaouhusudu.

Na fungu likipotea? Vikaratasi vya bondmaid, yaani kijakazi, vilipotea, na neno likakosekana katika kamusi.

Murray alifariki 1915 akiwa kwenye herufi T. Hata Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa 1844 na kukusanya maneno ya Kiswahili, hakuiona kazi yake ikichapishwa: alifariki 1881, kamusi yake ikatoka London mwaka uliofuata. Ya Oxford ilikamilika 1928. Miaka 5 baadaye ikabidi itolewe nyongeza, kwa kuwa muda wote huo watu hawakuwa wameacha kuzungumza.