Njia panda ya Sigi: nani alimpa Baba Mkubwa ruhusa ya kuvunja msafara?

Dakika ya nne, sekunde ya kumi na mbili. Irudisheni ile video ya safari yetu ya familia hapo, muisimamishe, mtazame miguu, mziache nyuso. Nyuso zote zinacheka, ndiyo maana kundi la familia lilijaa makopakopa wiki nzima. Miguu haidanganyi. Jozi tano za raba zinashuka kushoto, na raba moja nyeupe, namba 43, inasukuma kitu pembeni ya njia. Hicho kitu nitakirudia.

Kwanza nitoe haki. Tuliondoka Muheza mapema, tulilipa getini bila kelele, chapati na mayai vilitosha, na mwongozaji alikuwa kijana anayeujua msitu wa Amani kama anavyolijua baraza la kwao. Sifa zimeishia hapo.

Tulikuwa watu 11 na mwongozaji mmoja, kwenye njia ya saa tatu kwa mtu mwenye magoti mazima. Bibi hana magoti mazima. Saa nane na dakika 20 tulifika njia panda, chini ya ule mtambara ambao wote mmepiga nao picha, Bibi akaketi juu ya mzizi kupumua. Baba Mkubwa akatazama saa, akatazama watoto wanavyorukaruka, akatamka: “Watoto watangulie njia ya chini. Sisi tutapanda taratibu na mwongozaji. Tutakutana darajani.”

Darajani wapi? Njia ile ina vijito, na kila kijito kina magogo yake mawili ya kuvukia. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia “darajani” atasimama kwenye daraja la kwanza atakaloliona, na ndivyo walivyofanya. Sisi tukaenda kusubiri kwenye la pili. Kati yetu palikuwa na kama mita 200, na ingekuwa sawa na kilomita 20, maana mto ukiwa bondeni chini yako unameza sauti yote. Shangazi aliita mpaka akakauka koo. Simu? Mnajua mtandao wa kule. Maji yote yalikuwa kwenye begi langu mimi, yaani upande wa wazee. Aliyekabidhiwa watoto wanne ni mdogo wetu wa miaka 16, aliyekuwa anarekodi video.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwani mwisho si wote walirudi na kucheka? Walirudi, na nashukuru. Lakini mchezaji akipiga pasi ya nyuma bila kutazama na mshambuliaji akateleza, pasi ile bado ni mbovu. Msafara wa familia una kanuni moja inayozaa nyingine zote: mwenye mwendo mdogo anakaa mbele. Bibi atangulie nyuma ya mwongozaji, wengine wote tufuate mwendo wake, na mkiani akae mtu mzima asiyepitwa na yeyote. Huyo wa mkiani ndiye namba sita wa msafara, hakuna anayemshangilia na bila yeye timu inavuja. Sisi tangu getini tulikuwa tumeigeuza timu miguu juu: watoto mbele, Bibi nyuma, mkiani hakuna mtu. Pale njia panda tulivuna tulichopanda.

Uamuzi sahihi ulikuwa umeketi palepale juu ya mzizi. Tungekaa dakika 20. Mtambara ule peke yake ni somo la nusu saa: ni jamaa wa kungumanga, ile ile ya kwenye pilau, na jamii yake hufika hata mita 50 kwenda juu, shina likipanda mbali kabla hujaona tawi la maana. Watoto wangeuzunguka na kuhesabu mizizi yake mipana, iliyosimama kama mbao za mlango. Pumzi ya Bibi ingerudi. Au tungegeuza wote kwa njia tuliyojia, ambayo kila jiwe lake tulishalikanyaga. Nilisema hivyo, na kwenye video sauti yangu inasikika: “Baba Mkubwa, tupumzike kwanza.” Jibu lake nalo linasikika: “Wewe andika makala zako.”

Haya, naandika.

Mnanijua, sitapita hapa bila kugusa mashamba ya mitiki ya Longuza. Nusu ya picha zilizorushwa na familia hii zikiitwa “msitu wa kale” zilipigwa njiani, kwenye miti iliyopandwa kwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Na ile iliyopigwa kweli ndani ya hifadhi, yenye maandishi “uasilia”, nyuma yake umesimama msizi, mti wa upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria ulioletwa na watu wa bustani ya Amani zama za Mjerumani. Mashine za mbao zilipofungua mapengo msituni, msizi ukayajaza, huku hondohondo wakiusambazia mbegu. Nimelisema hili Krismasi tatu mfululizo. Naambiwa naharibu picha.

Mwongozaji simlaumu. Sikilizeni vizuri, anasema “Mzee...” mara mbili, na mara zote mbili anakatwa. Kijana atamwambiaje mzee aliyemlipa kwamba anakosea, tena mbele ya mama mzazi wa mzee huyo? Hapa ndipo Babu alikuwa mtu wa daraja jingine. Alifanya kazi ya misitu miaka mingi na angeweza kutembea Usambara macho yamefungwa. Lakini tulipokwenda naye, sisi tukiwa wadogo, alimwita mwongozaji mbele ya wote, akamshika bega, akatuambia, “Kuanzia hapa baba yenu ni huyu. Na mimi baba yangu ni huyu.” Nyuma ya msafara alikaa yeye mwenyewe, na gambuti zake na mkongojo, na hakuna mtoto aliyewahi kuwa nyuma ya ule mkongojo. Tulichoka, tulinung'unika, na tulifika wote kwa pamoja saa ambayo jua bado linapenya. Siku hizi mtu akishavaa kofia yenye kamba kidevuni tayari ni kiongozi.

Turudi kwenye daraja la kwanza, kile kipande cha siafu mlichokicheka sana. Watoto walisimama wakisubiri, na kusubiri msituni bila mkubwa maana yake ni kusimama popote. Walisimama juu ya msururu. Siafu hang'ati akiwa kwenye kiatu. Anapanda kimya hadi kwenye paja, wenzake nao wanapanda, ndipo unasikia yote kwa mara moja. Kaka mkubwa mwenye busara angewatoa kwanza kwenye msururu hatua kumi, ndipo avue suruali za watu. Wetu aliendelea kurekodi. Mtoto mmoja mdogo alivuliwa suruali palepale juu ya siafu, na jioni Shangazi alimchomoa vichwa saba kwenye ngozi, maana siafu ukimvuta mwili hukatika, taya zikabaki zimeshika. Yule mtoto sasa anasema hataki tena msitu. Ana miaka sita.

Tuliwapata saa kumi na robo, mwongozaji akiwa amekimbia peke yake kuwafuata na kutuacha sisi wazee tumeketi bila mtu. Nje jua lilikuwa bado kali. Chini ya ile miti kulikuwa kumeanza kiza cha magharibi.

Sasa ile raba nyeupe. Mwongozaji alipofika njia panda, kabla hata Bibi hajaketi, alikata tawi bichi akalilaza kwenye mdomo wa njia ya kushoto. Wazee wa huko hawahitaji kuelezwa: njia iliyozibwa kwa tawi haifuatwi, waliotangulia wamekwenda ile nyingine. Babu alifanya hivyo kila njia panda, hata tulipokuwa tunakwenda sokoni. Dakika ya nne, sekunde ya kumi na mbili, tawi lipo. Sekunde ya kumi na tano limelala kando, watoto wanapita.

Nilimwonyesha Baba Mkubwa siku ya mwaka mpya, nikiwa nimeikuza picha mpaka kamba za kiatu zinaonekana. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akasema ule ni upepo.